Matawi Yaliyonyauka

Chakula cha ng'ombe katika shamba lile la maziwa, mwendo wa saa moja kutoka jiji la Buffalo, Marekani, kilimtia Ndahiro kichefuchefu. Mahindi yaliyokatwakatwa pamoja na mabua, yakafunikwa plastiki hadi yachachuke, yalinuka kama pombe iliyoharibika. Aliyachota kwa koleo huku amegeuza uso. Ng'ombe wenyewe walikatwa pembe na kutobolewa masikio ili wavalishwe namba. Kwao, katika milima ya Kivu Kusini, ng'ombe asiye na jina ni wa wizi.

Wiki hiyo namba 212 aligoma kula. Msimamizi alisema wazi: asipokula hadi Ijumaa, anakwenda machinjioni. Ndahiro alikwisha kumwita Gaju, kwa wekundu wake.

"Haiko mugonjwa, Papa Ndahiro," alisema Demba, mfanyakazi mwenzake, Mfulani wa Gine aliyejifunza Kiswahili akiuza nguo Uvira. "Inachukia haya matapishi yao. Kwetu, kiangazi, tunapanda juu ya miti, tunakata matawi. Ngombe inakula mupaka inasahau nyasi."

"Na sisi tulikata mianzi. Lakini miti ya hapa unaijua?"

"Bon, mti ni mti! Ninyi watu wa mulima munaogopa hata kivuli. Jani kali unaliacha linyauke siku moja, ukali unatoka."

Ndahiro akacheka. Alikata matawi kwenye ua wa shamba, akatafuna jani moja. Lilikuwa chungu, akalitema. Basi akayalaza matawi nyuma ya zizi, yanyauke.

Alhamisi asubuhi Gaju aliyazoa kwa ulimi, tawi baada ya tawi. Ndahiro alimsifu kwa sauti, kama alivyosifu ng'ombe wake zamani kule milimani.

"Umeona?" alisema Demba.

Hawakumaliza kukamua. Gaju alitweta, akayumba, akaanguka, povu mdomoni. Alipofika daktari wa mifugo, Gaju alikuwa amekufa.

Daktari aliokota jani. "Mcheri mwitu. Likinyauka ndipo sumu inapokuwa kali."

Trekta lilimburuta Gaju kwa mnyororo mguuni, kichwa kikigonga sakafu ya saruji. Msimamizi aliuliza ni nani aliyekata matawi. Demba akatazama chini.

"Mimi," alisema Ndahiro. Mikono yake ilimchukiza hata akaificha nyuma. "Nilionja. Mimi nikatema, yeye nikamlisha."