Sakafu Waliyoshindania Wazungu wa Saza

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kwa kusiriba sakafu, pale Saza hakuwepo wa kunifikia. Nasema bila aibu. Hata wifi yangu, ambaye tulikuwa hatupatani kwa ajili ya jogoo wake, na jogoo gani yule, mgomvi kama mwenyewe, hata yeye sakafu yake nilimpigia mimi.

Basi miaka ile wageni walipoanza kuja kupima dhahabu, kambini kwao kulikuwa na Wazungu wa Ulaya na Wamarekani. Siku za kazi walikuwa kitu kimoja. Jumapili, sisi tukitoka kanisani, tunawakuta wamegawanyika, wanashindana bolingi: unavingirisha tufe la mti mpaka liangushe magongo kumi yaliyosimamishwa mwisho wa njia. Njia yenyewe niliisiriba mimi, udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, nikaisugua kwa jiwe siku tatu mpaka ikang'aa.

Jumapili moja matufe ya Wamarekani yakawa yanakwenda kushoto tu. Mkubwa wao, jitu refu lenye ndevu nyekundu, akasema jambo kwa hasira, wa Ulaya wakacheka. Mpishi wa kambi, rafiki wa mume wangu, aliyeokota Kiingereza chake mpakani Tunduma, akaniambia:

"Shemeji, anasema sakafu yako imelala upande. Kesho wanaibomoa, wanamwaga saruji."

Saruji! Na nusu ya Saza ipo pale inatazama, wifi yangu kajipanga mbele. Nikaona naumbuka mchana kweupe.

"Mwambie aweke tufe katikati ya njia, aliachie."

Akaliweka. Likatulia. Akalisogeza mbele, likatulia tena. Nikapiga magoti nikapapasa kwa kiganja, kutoka kwenye magongo nikirudi nyuma hadi wanaporushia. Wa Ulaya walikuwa wanasimama kulia, pako safi. Kushoto, wanaposimama Wamarekani, kumbe shimo, kidole kinazama! Tufe likianzia hapo lazima lipinde. Nikayatazama mabuti ya yule bwana. Visigino vya chuma.

"Mwambie avue. Kwani kwao mtu anaingia na mabuti kwenye sakafu iliyosiribwa?"

"Shemeji, niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akavua. Wakavua wote, wa Ulaya nao, nyayo nyeupe kama unga, watu wakaangua kicheko. Nikaziba shimo, tukasubiri jua likaushe, nikasugua. Wakaanza upya. Ndevu nyekundu akavingirisha tufe, likanyooka kama kamba, magongo yote kumi chini!

Hapo wa Ulaya wakaja juu: eti sasa nimewapendelea Wamarekani. Kabla sijafungua mdomo, yule jitu akaenda kusimama katikati ya njia, peku, mikono kiunoni.

"Sakafu ya mama nzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nani anasema mbaya, kuja kwangu!"

Hakwenda mtu. Walichezea sakafu yangu mpaka kambi ilipovunjwa, wote peku.