Kikopo cha Guelor

"Tonton, juu ya nini mukono yako inakataa kuachana na mbavu?"

Sephora alikuwa na miaka saba, mhogo mdomoni, na macho yake yaliona kila kitu kilichopita uani kwao Katuba. Tonton Guelor, mdogo wa mama yake, alikuwa anavuka uwanja mbio mbio, mkono wa kushoto umeganda ubavuni kama umegundishwa.

"Jipu," akasema Guelor, akafungua mlango wa ua.

Haikuwa jipu. Kwapani alikuwa amebana kikopo cha plastiki chenye shahawa zake mwenyewe, nao watu wa laboratwari walimwambia wazi: kifike kabla ya saa nzima kwisha, kikiwa na joto la mwili. Guelor alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu wa mikono mikubwa, na mikono ile ilipata makombe mawili katika mashindano ya misuli ya kartie, mtaani kwao. Alikuwa ameoa Germaine tangu miaka minne. Hakuna mimba. Dada za Guelor walimwita Germaine "tumbo ya mbao", tena si kwa kunong'ona.

Ndiyo maana Mama Kalaba, mama wa Germaine, alipiga simu toka Pweto: "Naja kumuchukua mutoto yangu." Alisema angefika siku ya posho, jumamosi. Lakini siku ile ya alhamisi Guelor alipofungua mlango wa ua, alimkuta hapo hapo, na magunia mawili ya samaki wakavu miguuni.

Hapo taabu ikaanza. Mkwe mwanaume akikutana na mama wa mke wake, anachuchumaa na kupiga makofi polepole kwa mikono yote miwili. Kusalimia umesimama ni sawa na kutukana. Guelor akachuchumaa. Akajaribu kupiga kofi moja juu ya paja.

Mama Kalaba akamwangalia. "Guelor, mukono ingine iko wapi? Uliisahau kazini?"

Guelor akapiga makofi kama inavyotakiwa. La kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, kikopo kikateleza ndani ya shati, kikatoka chini, kikabiringika mpaka kwenye kandambili ya mama mkwe.

Mama Kalaba akakiokota. Kwa bahati kilikuwa kimefungwa sana. Yeye alikuwa amefagia wodi ya wazazi, maternité ya Pweto, miaka kumi na minane, na vikopo alivijua.

"Ni mukojo?"

"Apana, mama."

"Eeh." Akasoma saa iliyoandikwa juu yake. "Kumbe ni weye unaenda kupimwa?"

"Ni miye, mama. Germaine alishapimwa mara tatu, iko muzima. Miye ndiye nilikuwa naogopa."

"Sasa unapigia nani makofi? Simama! Inapoa!" Akamrudishia kikopo, akasimamisha pikipiki yeye mwenyewe kwa kupunga kitambaa cha kichwa. "Mambo ya Germaine tutaongea ukirudia!"

Jibu lilikuwa fupi: sufuri, hakuna mbegu hata moja. Walizungusha shahawa katika mashine, wakatazama tena, sufuri. Wakarudilia kipimo baada ya juma tatu, sufuri ile ile. Daktari Hénoc, mtu mfupi anayependa kucheka, akamweleza: ao mbegu zinatengenezwa na njia imeziba, ao korodani hazitengenezi. Akamuuliza kama alishaugua matumbwitumbwi, kama alishapasuliwa, kama alishapata ugonjwa wa zinaa. Apana, apana, apana. Akamgusa, akakuta korodani zimepungua. Akapima damu. Halafu akauliza:

"Na misuli hii, ni kubeba chuma tu ao kuko sindano?"

Guelor akainamisha kichwa. Kulikuwa sindano. Rafiki yake Nono alikuwa anazileta toka mpakani Kasumbalesa, homoni ya kiume ndani ya vichupa. Na mwaka ule, sababu mtoto hakuja, Guelor aliongeza mara mbili. Si ni dawa ya uanaume?

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Papa, ubongo yako inaona damu imejaa homoni ya vichupa, inaambia korodani: lalani, kazi yenu iliisha. Uliongeza dawa, nao bakalala zaidi."

"Bataamuka?"

"Wengi wanaamka. Acha sindano leo. Nitakupatia dawa ya kuwaamsha. Lakini ni miezi, si siku."

Siku ya mungu, jumapili, mbele ya sahani za bukari, ugali wa kwao, Guelor aliwaambia dada zake wote: "Shida ni yangu. Mwenye atasema tena tumbo ya mbao, aseme kwa miye." Mama wa Sephora aliacha tonge lake hewani. Mama Kalaba, aliyebaki kungoja majibu, alimaliza sahani yake taratibu, na kesho yake akarudi Pweto peke yake. Samaki aliwaacha.

Guelor akaacha sindano, akaanza kukonda. "Uko unaisha kama sabuni!" Nono alimchekelea. Mwezi wa tano wa dawa, sufuri. Siku ile alichomelea tu mpaka jua likashuka. Mwezi wa tisa, Daktari Hénoc akamwita kwenye darubini: "Njoo uone." Mbegu zilikuwa chache, nyingine zinazunguka tu bila kujua njia, lakini zilikuwa zinatembea. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta Germaine na tumbo, na dada wale wale walikuwa wanagombea kumchotea maji.

Sasa Sephora ana miaka kumi na tano, na wiki hii darasani wamesoma uzazi. Alitoka masomo moja kwa moja mpaka kwenye kiwanda cha tonton. Aristote, mtoto wa Guelor, miaka mitano, alikuwa ameketi juu ya ngazi na miwani ya kuchomelea ya baba yake, kubwa kama uso wake.

"Tonton, ile siku ulisema jipu, halafu nikaona kakopo kanaanguka. Mule ndani mulikuwa nini?"

Guelor akazima mashine. Akamwangalia Aristote, akacheka peke yake.

"Mulikuwa hamuna kitu, Sephora. Hata kamoja. Na miye nilikabana vile, kama niko nabeba yai."