Gundi ya Jakuzi la Mama

Kaka yangu tunamwita Mkavu. Kwa miaka ishirini ameziba matangi ya maji juu ya mapaa ya watu, na hakuna tangi lake lililowahi kudondosha hata tone. Sifa hiyo ilimpanda kichwani, na mimi mdogo wake sikuchoka kumwambia. Lakini jakuzi lilipomtoa jasho wiki tatu, nilimhurumia.

Jakuzi lenyewe ni la kliniki ya mazoezi ya viungo: beseni kubwa la plastiki ngumu, lenye viti vinne ndani na matundu ya kurushia maji moto. Mama alipooza upande wa kulia mwaka jana, na ni ndani ya maji yale tu mguu wake unakubali kukanyaga. Sasa jakuzi lilikuwa likivuja kwenye ufa mwembamba wa kiti anachopenda kukalia. Mwenye kliniki akasema lisipozibika kufikia mwisho wa mwezi ataling'oa, aweke vitanda. Mkavu akasema kazi hiyo aachiwe yeye.

Aliliziba kama anavyoziba matangi. Akamwaga maji, akalikausha kwa kitambaa, akaupaka ufa gundi yake ya kuchanganya, ile inayogeuka jiwe. Likajazwa maji baridi, yakatulia kutwa nzima, na Mkavu akatembea kifua mbele. Kesho yake maji yakapashwa moto, wagonjwa wanne wakaingia, na sakafu ikalowa hadi mlangoni.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Muuza vifaa alimpangia tyubu nne za gundi kwenye kaunta na kuzisifu zote. Moja inavumilia joto lakini haipatani na dawa ya kusafishia maji. Nyingine inapatana na dawa, ila haishiki plastiki vizuri. Ya tatu inakauka hata ndani ya maji, na ikishakauka ni chuma. Ya nne inanuka siki na inabaki laini kama ufizi. Hiyo Mkavu aliidharau papo hapo, maana kwake yeye kitu kisichokuwa kigumu hakijazibwa. Hata hivyo akazibeba zote.

Akazipanga kwenye meza yetu ya chakula, akapaka kila moja kwenye kipande chake cha beseni bovu la kufulia, kisha akavitumbukiza vipande vyote kwenye sufuria ya maji moto. Zote zikashika. Badala ya kufurahi, alijiinamia akashika kichwa, maana sasa hakujua achague ipi. Akamuuliza fundi rangi, akamuuliza jirani yetu dereva, akaniuliza hata mimi ninayeshona sare za shule. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Akajaribu ya tatu, jakuzi likavuja. Akajaribu ya kwanza, likavuja.

Mama alikuwa akitutazama kutoka kwenye kiti chake. Tangu apooze, maneno humtoka moja moja, na kati ya neno na neno unaweza kuchuja chai. Jioni moja akaanza, "Niki... nikikaa..."

"Ukikaa sana unachoka, mama," nikamalizia. "Twende ukajilaze."

Nikampeleka chumbani. Kesho yake akaanza tena, na Mkavu akadakia kwamba akikaa mgongo unamuuma, akamshika mkono akamlaza. Siku ya tatu ikawa hivyo hivyo.

Siku ya nne, zikiwa zimebaki siku mbili tu mwezi uishe, mimi na Mkavu tulikuwa tumenuniana. Nilimwambia achague hata kwa kufumba macho, naye akanijibu nirudi kwenye cherehani yangu. Hatukuwa tunasemezana. Mama akaanza, na safari hii hakuna aliyemdakia.

"Nikikaa... kiti... kinashuka. Ufa... unafunguka."

Mkavu akageuka kumtazama. Alikuwa ameuliza mtaa mzima, isipokuwa mtu anayekikalia kiti chenyewe. Siku zote aliuziba ufa ukiwa umefumba, kwa gundi ngumu, na mtu akikaa tu gundi inapasuka. Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Kesho yake asubuhi tulimketisha mama ndani ya jakuzi kavu, na gauni lake na viatu vyake. Mkavu akalala kifudifudi miguuni pake, akaujaza ufa ulioachama ile gundi ya siki. Mama akakaa bila kusogea mpaka ikashika, kisha tukaiacha ikauke hadi kesho yake.

Siku ya mwisho likajazwa maji moto, wagonjwa wakaingia wote wanne. Mkavu akafungua kifuniko cha ubavuni mwa jakuzi, akapitisha kiganja chini ya kiti, akakitoa kikavu. Akakipitisha tena. Mama akasimama kwa miguu yote miwili, akashika ukingo, akatutazama.

"Siku... zile," akaanza.

Mkavu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, na tukangoja.

"Siku zile... mliponilaza... sikuwa... na usingizi."