Toa Kapu Kwanza

Siku yangu ya kwanza kwenye zahanati ya shamba la chai, upande wa Mogogosiek, Sista Rebecca alinionyesha mizani. "Rael, viatu vitoke kwanza. Na usimcheke mtu."

Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito, kuzungusha utepe kiunoni, na kutafsiri Kipsigis. Mengine niliyapata kwa masikio.

Nilipohamishiwa zahanati ya Kimulot nilimkuta Daktari Njoroge. Mtu mwema, lakini ulimi wake ulichagua. Meneja Mzungu akija na tumbo lake, anaambiwa polepole, "Unene huu uko kwa ukoo wenu." Ramesh, fundi wa mashine, mwembamba kama fito, akaelezwa kwamba Wahindi wengi hushikwa na sukari kabla ya kunenepa, ndiyo maana tunapima kiuno pia. Halafu akaingia Pamela Auma, mchuma chai kutoka pande za ziwa. Sukari juu, kidonda mguuni hakiponi.

"Mama, punguza ugali. Nyinyi watu wa ziwa mnapenda kula."

"Daktari, umewahi kunipakulia?" Auma akakaza leso, akatoka. Wiki tatu hakuonekana.

Kile kidonda kilininyima raha. Nikamwambia Daktari, "Meneja umempa ukoo. Ramesh umempa ukoo. Auma hakuzaliwa?"

Alivua miwani. "Nenda umwite. Sema naomba msamaha."

Nilimkuta kwenye foleni ya kupima majani, anachechemea. Karani alikuwa anatoa uzito wa kapu ndipo aandike kilo za majani.

"Auma, mwili ni hivyo. Kuna kapu ulilopewa na wazazi, na kuna majani uliyochuma mwenyewe."

Akacheka. "Basi huyo daktari wako hajui kutoa kapu!"

Alirudi. Daktari akaomba msamaha mbele yangu, kisha akauliza, "Kwenu nani alikuwa na sukari?" Mama yake, na shangazi wawili. Mama alikatwa mguu. Hapo ndipo wakaongea dawa, kidonda, hata ugali, na Auma akasikiliza. Tangu hapo kila mgonjwa aliulizwa ukoo na chakula, hata Meneja akaulizwa bia yake.

Sasa nimestaafu, nami napimwa. Juzi daktari kijana, akiniita bibi kwa Kipsigis, aliniuliza, "Kogo, kwenu nani alikuwa na sukari?" Nikamtajia wote kwa majina, na hakunikatiza.

Auma hunipitia Jumapili twende kanisani. Ule mlima wa kwenda kanisani anaupanda kwa miguu yake miwili, na mimi ndiye humwambia angoje.