Kichwa Kinachonusa

Kwa miaka kumi na tisa Kishindo aliendesha malori ya tajiri, na muda wote huo dizeli haikuwahi kumkosesha hata lepe la usingizi. Mafuta yalikuwa ya tajiri, kukanyaga kulikuwa kwake. Jina la Kishindo alipewa na walinzi wa getini, ambao kila alipotoka walishika kofia zao kwa mikono miwili.

Sasa alikuwa ameaga. Alitaka kichwa chake mwenyewe cha lori, cha mtumba, avute trela kwa jasho lake. Tajiri alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia arudishe funguo Jumamosi, na mafuta yakimshinda baada ya miezi mitatu asione haya kurudi, ataanzishwa upya kwenye pikapu ya mayai.

Pikapu ya mayai ilimuuma kuliko tusi la mama.

Akiba ilikuwa nusu yake, nusu ya mkewe, fundi cherehani anayefanya kazi chumba cha mbele, sindano mdomoni, utepe wa kupimia shingoni. Mkewe alitoa sharti moja tu: kichwa watakachonunua kisinywe. Kama kinakunywa, cherehani ya pili itauzwa, na mume ataenda kubeba mayai.

Yadini dalali aliwapokea kwa meno yote. Kishindo alikuwa tayari ameshapenda. Kichwa chekundu, honi nne juu ya paa, injini ya kuhamisha mlima na wakazi wake. Dalali alisifu honi, akasifu rangi, akasifu hata mkeka wa miguuni. Alipoulizwa ulaji wa mafuta, ghafla simu yake ikaita, ingawa hakuna aliyeisikia.

Pembeni kilisimama kichwa cha kijivu chenye sura ya friji. Injini ndogo kidogo, kikata upepo juu ya paa, mbavu zimezibwa ili upepo upite bila kubishana, matairi yameisha kwa usawa kama soli za mtu mwenye adabu.

"Hiki, shemeji," dalali akamwambia mke, "hakinywi. Kinanusa."

Mke akasema mashemeji wengi nao husema wananusa tu, na chupa zinaisha. Wapime.

Basi wakapima. Kila kichwa kijazwe tanki mpaka dizeli ichungulie shingoni, kivute trela moja la kokoto kilomita hamsini kwenda na hamsini kurudi, kisha kijazwe tena, pampu iseme ukweli. Mke alikaa kiti cha abiria akipindua pindo la suruali ya mteja, maana fundi hana likizo.

Chekundu kilikunywa lita hamsini na tisa. Kishindo akasema ni honi. Wakapanda cha kijivu. Dalali alikuwa ameapa hakitavuka arobaini. Pampu ikasimama kwenye hamsini na mbili.

Kishindo alikaa juu ya tairi bovu. Pikapu ya mayai aliiona wazi, na trei zake. Alimwita dalali majina ambayo kitabuni hayafai, naye dalali akaapa kwa mama, kwa watoto, na kwa jirani ambaye hata hampendi.

Mke akakata uzi kwa meno. Akasema njia nzima alikuwa hatazami barabara, alikuwa anasikiliza. Alichosikia ni mwanagenzi wa wiki ya kwanza: anakanyaga pedeli kama anaua nyoka, sindano inaruka, kitambaa kinakunjamana, halafu analaumu mashine.

"Vua viatu," akasema.

"Nini?"

"Hayo mabuti. Soli unene wa vidole vitatu, utasikiaje pedeli? Mimi hariri naishona peku."

Dereva wa miaka kumi na tisa akavua mabuti mbele ya yadi nzima. Soksi moja ilikuwa na tundu, na dalali, kwa heshima, akatazama mawingu mpaka nazo zilipovuliwa.

Safari ya pili ya cha kijivu mkewe alimwongoza kama anavyoongoza wanagenzi wake. Polepole, hiyo ni hariri. Pale mteremkoni ondoa mguu, cherehani inajua kuzunguka yenyewe. Kona ile umeiona tangu juzi, kwa nini unaikimbilia ili ufunge breki? Baiskeli moja iliwapita na mwenyewe akawapungia mkono. Kishindo alitokwa jasho, kisha ikamjia: vidole vyake vilisikia injini ikihema, ikashukuru, ikatulia. Akaanza kucheka peke yake.

Lita thelathini na nane.

Kwa haki wakarudia chekundu, peku vilevile. Arobaini na tisa. Kishindo akazipapasa honi mara ya mwisho, kama anayeaga mchumba asiyefaa, na cha kijivu kikalipiwa siku hiyohiyo. Mkewe akapima madirisha kwa ajili ya pazia kabla karatasi hazijakauka wino.

Jumamosi akapeleka funguo kwa tajiri. Aliegesha friji yake getini taratibu, walinzi wakasahau kushika kofia. Akaingia ofisini kifua mbele, akaweka funguo mezani.

Tajiri hakutazama funguo. Alitazama sakafuni, miguu mitupu juu ya zulia, akalainika sauti.

"Wiki moja tu, Kishindo? Hata viatu umeuza?"

Kishindo alicheka mpaka akashika ukuta. Mabuti aliyasahau nyumbani, chini ya cherehani ya pili.