Mkuyu Ulioshtakiwa Ndhiwa

Makuyu yaliyoiva yakianguka kwenye tope la kijito hunuka kama pombe ya busaa iliyosahauliwa chunguni: utamu mbele, uchachu nyuma. Harufu hiyo ndiyo iliyotuarifu, sisi watoto wa boma letu kule Ndhiwa, kwamba kiangazi kimekaza na mkuyu wetu, ambao kwa Kijaluo tunauita ng'owo, umefungua duka. Ulisimama kando kabisa ya maji, mizizi yake imeshika ukingo kama vidole vya mtu anayeogopa kuporomoka. Shina lilikuwa la manjano yenye ukijani, na kila mara lilijiambua gome jepesi, vipande vipande, kana kwamba halijaamua livae nini. Majani yalikwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na ukichuma moja, utomvu mweupe ulikunata vidoleni hadi jioni. Matunda nayo hayakukaa kwenye ncha za vitawi kama ya miti yenye adabu. Yalijibandika kwenye shina lenyewe na matawi manene, vishada kwa vishada, hata mtoto mfupi kama mimi akapata fungu lake bila kupanda. Njiwa wa kijani walikula alfajiri, hondohondo wakala mchana, popo wakasubiri giza. Sisi tulikula katikati ya zamu zao.

Chini ya mkuyu huo ndipo nilipoanza biashara. Tulicheza soko, mimi nikiwa mwenye meza na binamu yangu Otieno akiwa mteja msumbufu. Makuyu yalikuwa bidhaa, vifuniko vya soda vilikuwa pesa, na Otieno alikuwa na ugonjwa wa kukagua. "Hili lina tundu," alisema. "Hili pia. Mama, unaniuzia nyama au matunda?" Nikiwa mtu nisiyependa kurudishiwa mali, nilichukua wembe uliokwisha makali nikaanza kuyapasua kabla ya kuyapanga, moja moja, kisha nikarudia fungu jingine nisije nikajidanganya. Nikaona jambo ambalo lilinikera, kwa sababu lilikwenda kinyume na masharti ya mteja wangu. Yale yenye tundu ndiyo yaliyokuwa matamu na laini. Yale yasiyo na alama yoyote ya mdudu yalikuwa magumu, hayana ladha, na ndiyo yaliyodondoka mapema kabla ya kuiva. Ndani ya kila tunda, ukutani kote, kulijaa vinyuzi vidogo visivyohesabika. Nilimpelekea mwalimu wetu wa sayansi tunda moja lililopasuliwa. Alilitazama, akasema hayo ndiyo maua ya mkuyu, yamefungiwa ndani, na kuna kamdudu kanakojipenyeza kuyachavusha. Kasipoingia, tunda halifiki popote. Kisha akalirudisha, akanawa mikono.

Msimu huohuo nyumbani kulikuwa na jambo zito, na jina lake lilikuwa Boke. Boke alikuwa mke wa baba mdogo Ochieng, msichana wa Kikuria kutoka upande wa Isebania, na sote tulimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Ukuria. Kijaluo chake kilikuwa bado kinachechemea, kwa hiyo nyumba nzima ilizungumza naye Kiswahili, kila mtu na chake. Aliolewa, akaletwa, akakabidhiwa jiko la bibi yetu apikie humo mpaka atakapopewa lake. Baba mdogo mwenyewe alikuwa utingo wa malori yanayovuka mpaka kwenda Tanzania, na chumba chake cha kupanga kilikuwa Isebania, palepale mpakani. Nyumbani alikuja Krismasi na kwenye misiba tu, na ukoo wetu ulikuwa na afya njema miaka ile. Krismasi zikapita, Boke hakupata mimba. Wanawake wakaanza kumtazama tumboni kabla ya kumtazama usoni.

Bibi yetu, ambaye tulimwita Dani kama wanavyoitwa bibi wote wa kwetu, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Boke, ndiyo maana alimtafutia mwingine wa kulaumiwa, akaupata mkuyu. Hoja yake ilikuwa hii: mti huu unazaa kila mwaka lakini hakuna aliyewahi kuona ua lake. Maua hayo unayatoa wapi kama si kuiba uzazi wa wanawake wanaochota maji chini yake? Mama yangu pia alichota maji palepale na alikuwa na watoto tele, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Akaitwa kijana mmoja wa Rodi Kopany mwenye msumeno wa mashine. Wakakubaliana aje Jumamosi, aangushe mti, achukue shina akachonge vinu.

Nilidhani Boke angefurahi. Nilimkuta anaosha sufuria kijitoni, macho mekundu, mchanga anausugua pale ambapo tayari pametakata.

"Mama mdogo, si unakatwa kwa ajili yako?"

"Ndiyo, kwa ajili yangu," alisema. "Akinyi, leo lawama tunaigawana mimi na huu mti. Jumamosi utaanguka. Na mimi nikikaa mwaka mwingine hivi hivi, nani atabaki amesimama hapa?"

Nilichokuwa nacho ni bidhaa. Nikatoa kuyu mfukoni, nikalipasua, nikamwonyesha maua yaliyomo. Nitampelekea Dani, nikasema, ajue mti huu una maua yake wenyewe, hauibi ya mtu. Boke alinishika mkono hata nikaumia. "Usithubutu! Ukiusafisha mti, umenimaliza mimi. Hujaona? Shauri hili lina washtakiwa wawili tu." Akaniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba kama atarudishwa kwao, hatarudi kama alivyotoka, kwa sababu nyumbani kwao pia wana macho. Usiku ule sikulala vizuri. Nililipigia hesabu jambo hilo mbele na nyuma, na kila mara jumla ilikuwa ileile: mti ukikatwa, Boke amepotea, mti ukitetewa, Boke amepotea.

Sasa, kwa desturi yetu, mkwe hawezi kumwambia mama mkwe mambo ya chumbani, hata nyumba ikiwaka moto. Lakini bibi na mjukuu wa kike hawana mipaka hiyo. Dani aliniita nyieka, yaani mke mwenzangu, na tulitaniana mambo ambayo mama yangu akiyasikia alitoka nje. Jumamosi asubuhi kijana wa msumeno akafika, akaanza kuichochea mashine yake ikohoe. Boke alikuwa mlangoni pa jiko, hakutoka wala hakuingia. Nikaenda nikaketi karibu na Dani na makuyu yangu kwenye bakuli.

"Nyieka, nunua kuyu."

"Niondolee wadudu wako. Leo mti unakufa, na wewe unauza?"

"Ndiyo maana nauza, bei itapanda." Nikampa moja gumu na moja laini. "Hili gumu liliachwa mtini, halikuiva, likaanguka. Hili laini liliiva. Nikwambie kwa nini?"

"Sema, tapeli."

Nikayapasua yote mawili. "Maua ni haya, yote mawili yanayo. Ila kwa hili gumu mdudu hakuja. Mwalimu amesema asipokuja, hata maua yajae vipi, tunda halipo."

Dani aliyasogeza karibu na jicho lake moja lililobaki zima. Mashine ikakohoa tena. Nikamwona anatazama kijitoni, kisha jikoni alikosimama Boke, kisha barabarani, upande wa Migori, ambako malori yote ya dunia yalikuwa yameelekea.

"Nyieka," alisema taratibu, "huyu mdudu wetu alikuja lini mara ya mwisho?"

"Kwenye matanga ya mzee Okumu."

"Akalala wapi?"

"Kwenye matanga, na wanaume wenzake."

Kicheko kilimtoka Dani kutoka mahali pa mbali sana. Alicheka hadi akajishika ubavu, hadi kijana wa msumeno akauliza kama mama anaumwa. "Zima hicho kitu chako!" akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mti hana makosa!" Kijana akalalamika kwamba ametoka Rodi tangu alfajiri na mafuta yameungua. Akapewa jogoo, akampima kwa mkono, akataka na kuku. Hakupewa. Kisha Dani akamwita Boke, wala hakumweleza lolote, maana hakuweza. Alimwambia tu: "Funga nguo zako. Unaenda kukaa na bwana yako Isebania. Jiko langu nitapika mwenyewe, nilipika kabla hujazaliwa." Boke alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa debe la maji baada ya mlima.

Masika yaliyofuata habari za mimba ya Boke zilifika, na baada yake akafika mtoto mwenyewe, Robi, mweusi, mnene, mwenye kelele.

Leo nauza maharagwe na mahindi Isebania, na Robi anasoma ng'ambo. Mwezi uliopita alinitumia picha ya mti wa kando ya barabara huko aliko, shina limeambuka mabaka mabaka, akaandika, "Dada, mkuyu umenifuata." Nikasoma kidogo. Kumbe si mkuyu. Unazaa vipira vinavyoning'inia, maua yake huchavushwa na upepo, hauhitaji mdudu yeyote. Wazungu wa zamani walifananisha majani, wengine wao wakaupa jina la mkuyu, jina likaganda. Wa kwetu nao nimeuelewa zaidi: yule mdudu jike hupenya mlango mwembamba hata mabawa yakakatika, na akishaingia hatoki tena, wanaotoboa njia ya kutokea ni wanawe wa kiume, ambao wenyewe hawana mabawa.

Siku hizi mume na mke huenda kliniki pamoja, wakapimwa wote wawili, na daktari akasema kwa maneno yaliyonyooka kile ambacho kwetu kilihitaji mti mzima na bibi mwenye moyo wa kucheka. Ni afadhali, sina ubishi. Wasichana wanaokuja kwenye meza yangu wakiwa na macho yale mekundu, nawaelekeza kliniki, nami nasisitiza waende na waume zao. Wengine wao hucheka na kusema bwana yuko safari. Hapo maharagwe nayaweka kando, na tunaanza kuzungumza.