Kiboko wa Mume Wetu

Mwaka ule Babati nzima tulikula mbaazi. Wanunuzi wa malori hawakuja, magunia yakabaki ndani tukalala nayo kama wageni. Asubuhi mbaazi, mchana makande ya mbaazi, jioni ugali na mbaazi za kuponda. Hata mbwa wa huku Nangara walizichoka. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alifika likizo kutoka chuo, akasimama mlangoni na begi lake.

"Shikamoo Bibi. Usiniambie ni mbaazi."

"Marahaba. Ni mbaazi, mke mwenzangu. Kaa ule."

Namwita mke mwenzangu kwa utani wetu wa bibi na mjukuu: babu yake ni mume wetu sote. Ila mume huyo yeye hamkumbuki. Alipokufa, binti alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Mimi nilifika darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga. Huyu anasoma chuo. Najisifu kwa hilo na sitaacha kujisifu, asiyependa azibe masikio.

Alikuja na mchezo wake. Si mpira wala karata. Marafiki wanakutana, kila mmoja na simu yake huko aliko, mmoja anasimulia mapori na mapango na mazimwi, wengine wanajifanya watu wa ndani ya hadithi: huyu askari, huyu mganga, huyu mwizi. Ukitaka kumpiga zimwi unarusha dadu, na dadu ndiyo inayosema umempata au kakutafuna. Mjukuu wangu ndiye msimulizi wao. Alitaka hadithi ya ziwa letu na wanyama wetu, kachoka na mapori ya Wazungu yenye theluji.

Basi tukakaa jikoni, ungo wa mbaazi katikati, tunachambua. Katika mchezo huo kila mnyama lazima awe na upande wake. Wapo wanyama wa kawaida, wapo viumbe wa uchawi. Nilidhani ni kazi nyepesi.

"Panya mkubwa kama ng'ombe?" akaniuliza.

"Uchawi huo!"

"Hapana, Bibi. Wa kawaida. Ukubwa si uchawi. Anakula, anazaa, njaa inamuua."

"Na simba mwenye mabawa?"

"Huyo wa uchawi. Kuna mtu alimtengeneza."

"Sasa kuwatenga kote huku ni kwa nini? Si wote wanauma?"

"Dawa zao hazifanani. Dawa ya kuongea na wanyama inamshika wa kawaida tu. Wa uchawi mpaka umjue bwana wake."

Ndege wa asali alimweka kwenye uchawi, eti kwa vile anamwita mtu na kumwongoza mpaka kwenye nyuki. Nilicheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Yule anafuata nta yake! Tangu lini njaa ikawa uchawi?" Akamhamisha. Kwa fisi tuligombana. Nilimwambia fisi wako wawili, fisi na fisi wa mchawi, yule anayepandwa. Akanitazama, akasema, "Fisi akipandwa na mchawi anabaki fisi, Bibi. Uchawi uko kwa aliyempanda." Hapo alinishinda. Sijawahi kushindwa nikafurahi vile. Nyumba ilikuwa na sauti ya mtu. Nilikuwa naamka nasikia mtu mwingine anakohoa, nalala tena kwa raha kama mtoto.

Halafu siku moja akasema, "Sasa kiboko. Yule wa babu."

Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwaka wa ukame maji ya ziwa yalirudi nyuma, viboko wakawa wanajificha kwenye matete. Alipita asubuhi kati ya kiboko jike na mtoto wake. Ni hivyo tu. Maiti niliiosha mwenyewe, nikaona mahali meno yalipoingia. Meno ya kiboko nayajua.

Baada ya mazishi shemeji zangu walikwenda kwa mganga, wakarudi na lao: kiboko alitumwa. Aliyemtuma ni jirani yangu, mjane, mwanamke tuliyeazimana chumvi na makaa ya moto miaka yote. Wakaita kikao cha ukoo. Wakanitaka niseme kwamba nilimsikia akimlaani mume wangu. Mimi ndiye mke wa marehemu, lilikuwa linangojwa neno langu tu. Nikawanyima. Uchawi upo, sibishi. Lakini yule mama sikumsikia akilaani hata kuku. Hata hivyo aliogopa, akahamia kwa wanawe Sigino, akafia huko. Shemeji zangu nao hawajakanyaga uani kwangu tangu kile kikao. Jirani sina, ukoo sina. Krismasi napika kisufuria kidogo, na bado kinabaki.

Yote haya nilimweleza mjukuu wangu. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema:

"Bibi, kiboko wa kawaida watamchoma mikuki, hadithi imekwisha. Nataka babu awe na kifo kikubwa. Wenzangu wamkumbuke. Mimi mwenyewe simkumbuki."

Neno hilo la mwisho lilinichoma. Lakini nikasema, "Mweke wa kawaida."

"Basi awe wa kawaida, ila katumwa. Kama fisi wako."

"Katumwa na nani?"

"Na mchawi yeyote. Hata jina hana. Ni mchezo tu, Bibi."

"Mchawi yeyote huwa anakaa jirani na mimi, mke mwenzangu. Alikuwa kiboko. Hakutumwa na mtu, na mimi sisemi alitumwa."

Akavuta ungo, akaendelea kuchambua. Tukala. Likizo ilipoisha nilimsindikiza stendi, nikarudi kwenye magunia yangu.

Jumapili iliyofuata, nimetoka kanisani, simu yangu ndogo, kitochi, ikalia. Ni yeye. "Bibi, bundi tumweke wapi?" Tukaongea mpaka mbaazi zikaungua. Jumapili nyingine akauliza chatu, nyingine popo, nyingine nyuki. Nilijua kabisa anapiga kwa ajili ya mchezo. Sikujali. Nilikuwa navua viatu vya kanisani na kukaa karibu na simu kabla haijalia, nikimtafutia mnyama mgumu wa kutugombanisha.

Kisha ikaja Jumapili ambayo watu wa hadithi yao walifika ziwani. Alinipigia nikasikia vijana wengi nyuma yake, kaniunganisha nao kwenye simu. "Shikamoo Bibi!" wakapaza sauti pamoja.

"Marahaba wajukuu."

"Bibi, wote wanakusikia," akasema mjukuu wangu. "Tumefika kwa kiboko. Linangojwa neno lako tu. Ukikubali alitumwa, tunaendelea, na safari ya kumtafuta aliyemtuma inaweza kuchukua hata mwaka. Ukikataa, ziwa tunaliacha. Tunarudi kwenye hadithi za kwenye kitabu, wanyama wake wameshapangwa wote."

Nilielewa. Wakishapangwa wote, bibi wa kuulizwa wa nini? Ningeweza kukubali. Yule mama amekufa, hasikii, na hao ni watoto wanacheza. Mwaka mzima wa Jumapili ulikuwa ndani ya kile kitochi.

"Bibi? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Alikuwa kiboko. Hakutumwa na mtu, na mimi sisemi alitumwa."